Mtoto mchanga akipasuliwa, usiache maziwa yako yakauke

Miezi mitatu iliyopita, mama mmoja kijana aliingia katika chumba changu cha matibabu akiwa amembeba mtoto wa wiki sita. Mtoto huyo alizaliwa bila njia ya haja kubwa. Siku ya pili ya maisha yake alipasuliwa katika hospitali kubwa, akafunguliwa tundu tumboni la kupitishia kinyesi, na siku kumi baadaye akaruhusiwa kwenda nyumbani. Kazi ya mpasuaji ilikuwa safi kabisa. Kidonda kilikuwa kimepona na tundu lilikuwa na wekundu wa afya. Lakini nilipomweka mtoto kwenye mizani nilishtuka. Alizaliwa na kilo 3.1. Siku hiyo alikuwa na kilo 2.8.

"Anakula nini, mama?" nilimwuliza.

"Maziwa ya kopo, daktari. Lakini kopo ni ghali, kwa hivyo naongeza maji ili likae wiki mbili. Yangu yalikauka nikiwa hospitalini. Niliambiwa nisimnyonyeshe kwa kuwa atapasuliwa, na baada ya hapo hakuna aliyeniambia lolote."

Mpenzi msomaji, mtoto huyo hakuwa na ugonjwa mpya. Alikuwa na njaa. Mpasuaji aliyaokoa maisha yake kwa saa mbili, na maisha hayo yakaanza kuponyoka polepole kwa sababu ya neno moja ambalo mama hakuambiwa: kwamba mtoto anapozuiwa kula, mama hazuiwi kukamua maziwa. Juma hili tutazungumzia lishe ya mtoto mchanga aliyetoka kupasuliwa, tangu siku ya kwanza hospitalini hadi atakaporudi nyumbani.

NI WATOTO GANI HUPASULIWA?

Wapo wazazi wanaodhani kwamba mtoto wa siku mbili hawezi kustahimili kisu. Anaweza, tena vizuri, akipata wahudumu wenye ujuzi. Aghalabu wanaopasuliwa mapema ni wale waliozaliwa na kasoro katika njia ya chakula. Kuna anayezaliwa umio wake umekatika, hata mate hayafiki tumboni. Kuna ambaye utumbo wake umeziba mahali fulani. Kuna anayezaliwa matumbo yakiwa nje, yametokea kwenye uwazi kando ya kitovu. Kuna asiye na njia ya haja kubwa, na kuna ambaye sehemu ya utumbo wake mpana haina neva za kusukuma kinyesi. Wengine hupasuliwa kwa sababu nyingine, mathalani mtoto mwenye kichwa maji au aliyezaliwa na uwazi kwenye uti wa mgongo.

Kasoro za njia ya chakula bado zinaua sana katika nchi zetu. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2021 ulifuatilia watoto wa aina hii katika hospitali 264 za nchi 74. Katika nchi tajiri, walikufa karibu 6 katika kila 100. Katika nchi za kipato cha kati walikufa karibu 20, na katika nchi maskini karibu 40. Watafiti waliona pia kwamba watoto waliohitaji kulishwa kwa mishipa na wakalishwa hivyo walikuwa na nafasi bora ya kupona. Yaani, kisu peke yake hakitoshi. Lishe nayo huamua nani atarudi nyumbani.

KWA NINI CHAKULA NI SEHEMU YA TIBA

Kidonda hufungwa kwa uzi, lakini hakiponi kwa uzi. Kinachounganisha nyama na nyama ni protini, na protini hutoka katika chakula. Damu inayopigana na viini vya maradhi nayo hujengwa kwa chakula. Mtu mzima akikaa siku tano bila kula baada ya upasuaji, ana akiba ya mafuta na misuli ya kumtegemeza. Mtoto mchanga hana akiba kubwa, na aliyezaliwa kabla ya wakati karibu hana kabisa. Isitoshe, mtu mzima anahitaji tu kurudi alivyokuwa, ilhali mtoto anapaswa kupona na kukua kwa wakati mmoja. Ubongo wake haungoji kidonda kipone.

Hata hivyo, tusivuke mpaka. Wazazi wengi hudhani kwamba mtoto aliyepasuliwa anahitaji chakula maradufu. La hasha. Mahitaji yake ya nguvu hupanda kwa saa chache tu baada ya upasuaji, kisha hurudi karibu na kawaida kwa muda wa siku moja. Kumshindilia chakula utumbo ukiwa bado umelala ni kumtapisha na kumhatarisha. Anachohitaji ni chakula sahihi, kwa kiasi sahihi, kwa wakati wake.

KABLA YA UPASUAJI

Mtoto haruhusiwi kwenda kupewa dawa ya usingizi akiwa na tumbo lililojaa, kwa sababu anaweza kutapika na maziwa yakaingia mapafuni. Kwa mtoto asiyekuwa na utumbo ulioziba, kwa kawaida hutakiwa kukaa saa 4 tangu aliponyonya mara ya mwisho, na saa 6 ikiwa alikunywa maziwa ya kopo. Mtoto wa utumbo ulioziba hapewi chochote kwa mdomo tangu tatizo lijulikane. Huwekewa dripu yenye sukari, na mpira mwembamba hupitishwa puani hadi tumboni ili kutoa maji na hewa.

Hapa mzazi ana haki ya kuuliza. Ikiwa upasuaji uliopangwa asubuhi umeahirishwa hadi jioni, mwulize muuguzi: "Je, mtoto anaweza kunyonya sasa? Na kama hawezi, dripu yake ina sukari?" Sukari ya mtoto mchanga hushuka upesi, na ikishuka sana huumiza ubongo. Kuuliza hivyo si ufidhuli.

KULISHWA KWA MISHIPA

Utumbo ulioshonwa, au uliokaa nje ya mwili na kuvimba, huchukua siku kadhaa, na pengine wiki, kabla ya kufanya kazi. Mtoto huyo ataishi kwa nini? Zamani hakukuwa na jibu. Dripu ya kawaida ina maji, chumvi na sukari kidogo. Humzuia mtoto kukauka, lakini haimkuzi.

Mwaka 1967, katika hospitali ya watoto ya mji wa Philadelphia, Marekani, madaktari Stanley Dudrick na Douglas Wilmore walimlisha mtoto msichana ambaye utumbo wake haukuweza kumtegemeza. Chakula chote kilipitia katika mshipa mkubwa wa damu. Walikuwa wamejaribu mbinu hiyo kwanza kwa watoto wa mbwa. Mtoto yule aliongezeka uzito na kukua, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1968. Tangu hapo, chakula cha mishipani kimeokoa watoto wengi duniani.

Chakula hicho huchanganywa kwa uangalifu mkubwa. Huwa na sukari, protini iliyovunjwavunjwa, mafuta, madini na vitamini. Lakini kina hatari zake. Mpira ulio ndani ya mshipa mkubwa unaweza kuwa mlango wa viini kuingia katika damu, na kikitumiwa kwa wiki nyingi huweza kuharibu ini, mtoto akawa wa manjano. Vilevile ni ghali, kinahitaji maabara ya kupima damu mara kwa mara, na katika hospitali zetu nyingi hakipatikani. Ndiyo sababu mtoto mwenye kasoro kubwa ya utumbo hupelekwa hospitali ya rufaa mapema. Na hata pale kinapopatikana, lengo la madaktari ni moja: kumwondoa mtoto katika chakula cha mishipani na kumrudisha kwenye maziwa ya mama haraka iwezekanavyo.

KOSA NILILOLIFANYA MIMI

Sitaki msomaji adhani kwamba nawalaumu wengine nami nikiwa mkamilifu. Nilipokuwa daktari mgeni katika mwaka wangu wa mafunzo ya kazi, nilimpokea usiku mtoto aliyekuwa akitapika matapishi ya kijani. Nilifanya yote niliyofundishwa. Niliweka dripu, nikapitisha mpira wa puani, nikamwita mpasuaji, na juu ya kitanda nikaandika kwa herufi kubwa kwamba mtoto asipewe chochote kwa mdomo. Mama yake nikamwambia, "Usimnyonyeshe tena hadi tukuambie." Nikaenda zangu.

Siku ya nane mtoto alikuwa tayari kwa maziwa. Nilipomwendea mama nikamkuta amejifunga leso kifuani kwa nguvu. Alidhani maziwa yake ndiyo yaliyomdhuru mwanawe, na mama mkwe alikuwa amemshauri ayakaushe. Kifua kilikuwa kimelegea, hakikutoa hata tone. Mtoto yule alianza kwa maziwa ya kopo, akapatwa na maambukizi ya utumbo, akakaa wodini wiki nyingine tano. Siwezi kusema kwa hakika kwamba maziwa ya mama yangemwepusha. Lakini tunajua kwamba maziwa hayo hupunguza sana hatari ya utumbo wa mtoto mchanga kuoza, na mimi nilimnyima kinga hiyo kwa kusema nusu ya sentensi.

Tangu siku hiyo husema sentensi nzima: "Usimnyonyeshe kwa sasa, lakini anza kukamua maziwa leo hii, kwa maana tutayahitaji."

JINSI YA KUKAMUA NA KUYAHIFADHI

Titi si mtungi unaojazwa na kungoja. Titi hutengeneza maziwa kulingana na yanavyotolewa. Yasipotolewa, mwili hufikiri kwamba hakuna mtoto, nao hufunga kazi. Kwa hivyo:

1. Anza mapema. Ikiwezekana, kamua ndani ya saa 6 za kwanza baada ya kujifungua, hata kama mtoto amepelekwa hospitali nyingine.

2. Kamua mara 8 hadi 12 kwa siku, yaani kila baada ya saa mbili au tatu, na angalau mara moja usiku wa manane.

3. Usivunjike moyo kwa matone. Siku mbili za kwanza hutoka dang'a, maziwa mazito ya manjano, pengine kijiko kimoja tu. Hayo ni dhahabu, yamejaa kinga. Kusanya hata yakiwa matone matano ndani ya bomba la sindano lisilo na sindano. Yakitunzwa vizuri, kufikia mwisho wa wiki ya pili akina mama wengi hupata nusu lita au zaidi kwa siku.

4. Nawa mikono kwa sabuni. Tumia kikombe cha mdomo mpana kilichooshwa na kumwagiwa maji yaliyochemka. Kanda titi polepole. Weka kidole gumba juu na vidole vingine chini, nyuma kidogo ya duara jeusi linalozunguka chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana na uachilie. Usiburure vidole kwenye ngozi wala usivute chuchu. Badilisha matiti kila baada ya dakika tano hivi, kwa muda wa dakika 20 hadi 30.

5. Andika jina, tarehe na saa kwenye chombo. Katika chumba chenye ubaridi wa kadiri, kisichozidi nyuzi 25, maziwa hukaa salama saa 4. Mombasa, Garissa au Lodwar wakati wa joto, yatie kwenye jokofu mara moja. Ndani ya jokofu hukaa hadi siku 4 kwa mtoto mzima wa afya, lakini kwa mtoto aliyelazwa fuata masharti ya wodi, ambayo huwa makali zaidi.

6. Usiyachemshe. Yapashe kwa kukitia chombo ndani ya maji ya vuguvugu.

Baba una kazi hapa. Iwapo mtoto amezaliwa Lodwar akapelekwa Eldoret, na mama amebaki nyuma kwa sababu ya kidonda cha upasuaji wa kujifungua, mkumbushe kwa simu kukamua kila baada ya saa tatu. Omba mama aunganishwe na mtoto mara tu anapoweza kusafiri. Ukiwa karibu, beba maziwa katika chombo safi chenye barafu. Mpelekee mama chakula na maji. Hahitaji chakula cha ajabu. Githeri, omena, mboga na uji wa wimbi vinatosha. Siri ya maziwa mengi ni kuyatoa mara kwa mara.

KIJIKO KIMOJA CHA CHAI

Mtoto huanza lini kula? Hutegemea kilichopasuliwa. Aliyepasuliwa kichwa au mgongo, utumbo wake ukiwa mzima, aghalabu hunyonya baada ya saa chache, akiamka vizuri. Aliyefunguliwa tundu la kinyesi katika utumbo mpana huanza kwa kawaida ndani ya siku moja hivi. Aliyeshonwa umio huweza kulishwa kwa mpira uliopita kwenye mshono, na kwa mdomo baada ya takriban juma moja, mpasuaji akiridhika kwamba mshono hauvuji. Aliyeunganishwa utumbo husubiri siku kadhaa. Aliyezaliwa matumbo yakiwa nje anaweza kusubiri wiki mbili, tatu au zaidi.

Wauguzi hutazama dalili. Maji yanayotoka kwenye mpira wa puani hupungua na kuacha kuwa ya kijani. Tumbo hulainika. Haja hupita. Hapo huanza lishe ndogo, mililita 10 hadi 20 tu kwa kila kilo ya mtoto kwa siku. Kwa mtoto wa kilo 3, kiasi hicho ni takriban kijiko kimoja cha chai kila baada ya saa tatu.

Najua mzazi anapoona kijiko hicho moyo humwuma. "Daktari, mtoto atashibaje?" Hapaswi kushiba bado. Dripu au chakula cha mishipani ndicho kinachomtegemeza wakati huo. Kijiko kile ni cha kuuamsha utumbo. Utumbo usiopata chakula hunyauka, kuta zake zikawa nyembamba na viini vikapenya hadi kwenye damu. Utumbo ukivumilia, kiasi huongezwa kidogo kidogo kila siku hadi kufikia kama mililita 150 kwa kilo. Kwa mtoto wetu wa kilo 3 hizo ni mililita 450 kwa siku, yaani karibu 55 kila mlo kwa milo minane. Wengine hufika hapo kwa juma moja. Wengine huhitaji mwezi. Akitapika au tumbo likifura, hurudishwa nyuma siku moja au mbili. Kurudi nyuma huko si kushindwa.

Wakati wa kungoja, kuna mambo mawili ambayo mama anaweza kufanya kwa ruhusa ya muuguzi. La kwanza ni kumpaka mtoto matone ya dang'a ndani ya mashavu kwa pamba safi. La pili ni kumkumbatia kifuani, ngozi kwa ngozi, na kumwacha anyonye titi lililokwisha kukamuliwa. Kwa njia hiyo mtoto hasahau kunyonya, na maziwa ya mama huongezeka.

MTOTO MWENYE TUNDU TUMBONI

Tundu likiwa katika utumbo mpana, kinyesi huwa kizito na mtoto hunyonya kama mtoto mwingine yeyote. Tundu likiwa katika utumbo mwembamba, kinachotoka ni majimaji, nayo hubeba chumvi na madini ya zinki. Hapa kuna jambo linalowapita hata wahudumu wa afya. Mtoto anaweza kunyonya vizuri, asitapike, asiharishe kwa njia ya kawaida, na bado uzito ukakataa kupanda. Sababu inaweza kuwa upungufu wa chumvi mwilini. Bila chumvi ya kutosha mtoto mchanga hakui. Daktari hugundua kwa kupima damu na mkojo, kisha humwandikia kiasi maalumu. Usimtilie chumvi wewe mwenyewe nyumbani, kwani kuzidisha kidogo tu huua. Ikiwa majimaji yanayotoka yanazidi mililita 20 kwa kila kilo kwa siku, yaani zaidi ya mililita 60 kwa mtoto wa kilo 3, mjulishe daktari.

Mtoto aliyekatwa sehemu kubwa ya utumbo ana safari ndefu. Mtoto wa miezi tisa huzaliwa na utumbo mwembamba wa takriban sentimita 250. Akibaki na sehemu ndogo, itabidi chakula cha mishipani kiendelee huku utumbo uliobaki ukikua na kujifunza kazi. Na kama aliondolewa sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, ambayo ndiyo hunyonya vitamini B12, huenda akahitaji sindano za vitamini hiyo baadaye. Kwa hivyo, usiondoke hospitalini bila karatasi inayoeleza kilichokatwa na kilichobaki. Itunze pamoja na kijitabu cha kliniki.

MKIFIKA NYUMBANI

Mpime mtoto kila juma katika zahanati iliyo karibu. Mtoto anayepona vizuri huongezeka takriban gramu 20 hadi 30 kwa siku. Akikaa juma zima bila kuongezeka, usingoje tarehe ya kliniki. Mnyonyeshe kila anapotaka, angalau mara 8 kwa siku. Kwa miezi 6 ya kwanza asipewe maji, uji, asali, dawa ya tumbo ya chupa wala maziwa ya ng'ombe. Nyanya atakayesema kwamba mtoto aliyepasuliwa anahitaji uji wa kumpa nguvu anasema kwa upendo. Mwelezeni kwa heshima kwamba utumbo wenye mshono mpya hauwezi kazi hiyo.

Mrudishe mtoto hospitalini siku hiyo hiyo ukiona moja ya haya: anatapika kijani, tumbo limefura na kuwa gumu, haja haipiti au imegeuka maji mengi ghafla, tundu limekuwa jeusi, utosi umebonyea na mkojo umepungua, mwili umekuwa wa moto au baridi, amelegea na hataki kunyonya, au macho yamekuwa ya manjano na haja imekuwa nyeupe. Matapishi ya kijani kwa mtoto mchanga yeyote, aliyepasuliwa au la, ni dharura. Usingoje kupambazuke.

MASWALI YA WASOMAJI

Nina virusi vya Ukimwi na natumia ARV. Mtoto wangu atapasuliwa. Maziwa yangu yanafaa? - Msomaji, Kisumu

Ndiyo, kwa kawaida. Mwongozo wa wizara yetu ya afya ni kwamba mama anayetumia dawa zake vizuri amnyonyeshe mtoto maziwa yake pekee miezi 6 ya kwanza, naye mtoto apewe dawa ya kinga. Waambie madaktari mapema, kwa sababu dawa ya mtoto hupewa kwa mdomo, nao wanapaswa kupanga atakavyoipata wakati amezuiwa kula.

Mama mkwe asema maziwa yaliyolala kifuani siku tatu yameoza. Ni kweli? - Msomaji, Bungoma

Si kweli. Maziwa hayaozi yakiwa ndani ya titi. Yakamue tu. Ikiwa titi lina uvimbe mgumu, joto na maumivu, mwone daktari.

Maziwa yangu hayatoshi. Jirani anaweza kunikamulia? - Msomaji, Nairobi

Usikubali maziwa ambayo hayajapimwa, kwa kuwa yanaweza kubeba viini, vikiwemo vya Ukimwi. Uliza kama hospitali yako inaweza kupata maziwa ya akina mama wafadhili. Hifadhi ya kwanza ya maziwa hayo nchini ilifunguliwa katika Hospitali ya Pumwani mwaka 2019. Wafadhili hupimwa, na maziwa huwekwa katika joto la nyuzi 62.5 kwa dakika 30. Yakikosekana, daktari atakuchagulia maziwa ya kopo. Pima maji na unga kama kopo linavyoagiza, usiyaongeze maji, na mnyweshe kwa kikombe badala ya chupa.

Mtoto wangu alilishwa kwa mpira wiki tatu. Sasa analia akiona titi. Nifanyeje? - Msomaji, Voi

Usimlazimishe. Mweke kifuani mara nyingi akiwa ametulia na hajashikwa na njaa kali. Mdondoshee matone ya maziwa mdomoni akiwa kwenye titi. Endelea kukamua na kumlisha kwa kikombe ili uzito usishuke. Wengi hurudi kunyonya baada ya siku kadhaa, wengine baada ya wiki. Asipoweza, mwombe muuguzi akutazame anaponyonya.

Na yule mtoto wa kilo 2.8? Tulianza kwa kusahihisha vipimo vya kopo, kisha mama akamweka kifuani kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Siku nne za kwanza hakuona kitu. Siku ya tano aliniletea kikombe chenye maziwa yasiyofunika hata sehemu ya chini, akitabasamu. Baada ya wiki tatu mtoto alikuwa na kilo 3.4, na nusu ya chakula chake kilikuwa kinatoka kwa mama. Lakini ingekuwa rahisi mara kumi kuyalinda maziwa hayo siku ya kwanza kuliko kuyatafuta wiki ya sita.

Kwa hivyo, ukimwona jirani, dada au binti yako amepelekewa mtoto kwenye chumba cha upasuaji, mpe pole, kisha mpe kikombe safi na umwambie aanze kukamua.

Juma lijalo tutazungumzia umanjano wa watoto wachanga: upi ni wa kawaida na upi ni wa kukimbiza hospitali. Hadi wakati huo, nakutakia afya njema.